Koti la Chumba cha Baridi

Kadi ilikuwa nzima. Hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu asubuhi.

Aliitoa tena kwenye bahasha ya vielelezo, akaisogeza karibu na kisomaji walichokiazima kiwandani, kidude cheusi kinachoenea kiganjani. Kikalia tii, taa ya kijani ikawaka. Akaiondoa, akairudisha. Tii.

"Utaichosha, Afande," alisema Sajenti kutoka meza ya pili. Alikuwa mtu mzima, mwenye methali moja kwa kila maiti aliyewahi kumwandikia taarifa.

"Haichoki. Haina hata betri."

"Basi inatuchosha sisi. Mkuu amesema kesho asubuhi Fundi apandishwe kizimbani kwa kosa la mauaji, na wewe bado unacheza na taa. Kikulacho ki nguoni mwako, Afande. Shemeji mtu kamuua shemeji yake. Si wa kwanza, hatakuwa wa mwisho."

Inspekta aliigusisha kadi tena. Habari yenyewe ilikuwa fupi na chungu. Katika kiwanda cha kufungasha samaki, mpakiaji mmoja ambaye kila mtu alimwita Mrefu, mkewe akiwemo, aliingia alasiri kwenye chumba cha kugandishia akiwa nyuma ya mwenzake aliyesukuma toroli. Mwenzake akatoka, akaitwa kwingine. Mrefu akabaki kupanga kreti. Mlango ule hujifunga wenyewe, na ili utoke ni lazima kadi yako isomwe. Asubuhi alikutwa amekaa chini ya kisomaji cha ndani, amekumbatia magoti, amekwisha kuganda.

Aliyemkuta ni mdogo wa mkewe, fundi wa mitambo ya kadi wa kiwanda kilekile. Sasa Fundi alikuwa mahabusu nyuma ya ukuta huu, na ushahidi dhidi yake ulikuwa umekaa vizuri, pengine vizuri mno. Ni yeye peke yake aliyeweza kuifunga kadi ya mtu kwenye kompyuta na kuifungua tena baadaye. Wiki moja kabla ya kifo walikuwa wamegombana mbele ya watu, kwa sababu Mrefu alizoea kuegesha kreti mlangoni usifunge, na Fundi akauwekea mlango king'ora. Mrefu alisimama kwenye chumba cha kulia, akapaza sauti, "Utakuja kuniua wewe na mlango wako!" Waliosikia ni wengi. Halafu mlinzi alieleza kwamba alipokimbia kupiga simu na kurudi, alimkuta Fundi amemwinamia maiti, anamvuta koti kwa nguvu kama anayempekua.

Na Fundi mwenyewe alikuwa amenyamaza. Hakukana, hakukubali.

"Mlete," Inspekta alisema.

Fundi aliingia akiwa na ndevu za mahabusu na miwani iliyofungwa gundi upande mmoja. Alikaa pembeni mwa kiti, kama mgeni asiyetaka kuzoea.

"Leo sikuulizi habari za siku ile," Inspekta alimwambia. "Umeninyamazia vya kutosha. Nataka unifundishe kadi."

"Kadi?"

"Hii. Inafanyaje kazi? Nieleze kama unavyomweleza mtu wa kwenu."

Fundi aliitazama kadi kwa muda. Mtu huweza kunyimwa usingizi na chakula, lakini ukimtajia kazi yake mkono unasogea wenyewe. Wa Fundi ulisogea.

"Ndani ya hii plastiki kuna waya mwembamba kama unywele, umezungushwa pembeni mara kadhaa. Na kuna chipu, ndogo kama punje ya mchele. Basi. Hakuna kingine. Chipu imelala, haina nguvu yake. Kisomaji ndicho chenye umeme, nacho kinatoa wimbi muda wote, wimbi fupi lisilofika mbali. Ukiisogeza kadi, ule waya unalidaka lile wimbi, unapata umeme kidogo, chipu inaamka na kutaja namba yake. Kompyuta inaangalia, huyu ninamjua? Ana ruhusa? Mlango unafunguka. Yote hayo hujapepesa jicho."

"Ndiyo hiyohiyo ya kwenye mabasi?"

"Ya basi, ya mlango wa hoteli, ya maktaba, ya benki ile unayogusisha tu ukaenda zako. Wote watoto wa mama mmoja. Tofauti ni kufuli zao tu, nyingine zina siri nzito kuliko nyingine."

"Na inasomeka hata ikiwa ndani ya nguo?"

"Nguo si kitu. Ngozi, karatasi, mbao, inapita. Ndiyo maana watu wa baridi tunawashonea kadi kwenye mfuko wa kifuani wa koti. Mtu amevaa glavu nene, kadi ikimponyoka inakwenda kwa mteja pamoja na samaki. Kwa hiyo mfuko tunaushona kabisa, na yeye anaegemeza kifua kwenye kisomaji." Akaigeuza kadi upande wa pili. "Mrefu ilimbidi apinde magoti. Wenzake wakawa wanamtania kwamba anauamkia mlango. Naye alikuwa akifika pale anasema kwa sauti, 'Shikamoo, mlango.'"

Alianza kucheka, akaacha katikati. Sajenti akajifanya anatafuta kalamu.

"Sasa ni nini kinachoizuia?" Inspekta aliuliza.

"Umbali," Fundi alijibu haraka. "Ikizidi sentimita chache haisikiki."

"Umbali peke yake?"

"Umbali, Afande." Macho yalikuwa yameshuka mezani.

Inspekta aliyaona yakishuka, akaliacha lipite. "Haya. Tuseme wewe umeifunga kadi ya mtu kwenye kompyuta. Akigusa, inakuwaje?"

"Inataja namba yake vilevile. Kompyuta inaijua, inaikataa. Taa nyekundu inawaka, na inaandikwa kwamba imekata..." Hapo alikoma. Alimtazama Inspekta, akaona ameshasema zaidi ya alivyotaka. Tangu hapo hakufungua mdomo tena, hata alipoulizwa kama anataka maji.

*

Meneja wa kiwanda aliwapokea akiwa na shati lililopigwa pasi vizuri kuliko maneno yake. Alikuwa mtu wa kusema "kama nilivyokwisha kueleza" kabla hajaeleza chochote.

"Chumba kimesharudi kazini?" Inspekta alishangaa.

"Samaki hawangojei msiba, Afande."

Inspekta akamwomba achukue kadi moja ya akiba, aifunge kwenye kompyuta, kisha waende wakaiguse. Kisomaji kikawasha taa nyekundu. Waliporudi ofisini mstari mpya ulikuwa kwenye skrini: namba ya kadi, mlango, saa, na neno moja, Imekataliwa.

"Sasa nionyeshe alasiri ya Mrefu."

Meneja akairudisha skrini nyuma. Yule mwenzake wa toroli alionekana akitoka. Baada ya hapo mlango haukuandika kitu chochote, ndani wala nje, hadi Fundi alipoufungua asubuhi. Hapakuwa na kukubaliwa, wala kukataliwa.

"Fundi amefuta," Meneja alisema. "Yeye ndiye mwenye funguo zote za humu."

"Kila mstari una namba yake, na namba zinafuatana. Ukifuta mmoja, namba inaruka. Nionyeshe iliyoruka."

Meneja alitafuta, akakosa. "Basi hakugusa. Labda alizirai mapema, Mungu amrehemu."

Inspekta akaomba koti, akaingia chumbani. Baridi ilimshika meno. Kreti zilipangwa hadi darini, na pumzi yake ilitoka kama moshi. Alipokigeukia kisomaji cha ndani alisimama pale muda mrefu. Mfuniko wake ulikuwa umepasuka katikati, na kuuzunguka rangi ya ukuta ilikuwa imechubuka kwa kusuguliwa na nguo, juu, chini, kulia, kushoto. Mrefu alikuwa amejaribu kifua chake kila upande. Aligusa, akagonga, mwisho akawa anajitupa, na mlango haukumsikia hata mara moja. Inspekta alikuwa ameona maiti wengi, lakini ukuta ule ulimuuma kuliko maiti.

Chini ya kisomaji kulikuwa na mkono mwekundu wa dharura, wa kusukuma mlango hata kama umeme haupo. Aliusukuma. Haukutikisika. Barafu ilikuwa imeufunika nusu, na nusu nyingine ilikuwa imevunjika.

"Huu uko hivi tangu lini?"

"Upo kwenye mpango wa matengenezo."

"Nimekuuliza tangu lini, Meneja."

"Tangu... kabla ya mvua."

"Kwa hiyo Mrefu alikuwa anaegesha kreti kwa sababu alijua mkono huu umekufa."

"Kuegesha mlango ni kosa. Baridi inatoka, mzigo unaharibika."

"Mficha maradhi," Inspekta alisema, akamwachia amalizie mwenyewe. Kisha akaamuru mtu akae nje ya mlango ule muda wote, mpaka mkono utengenezwe. Meneja akamwita mfagiaji mmoja, akamweka pale pamoja na kiti. Alikuwa mwepesi wa kukubali, kama watu wengi wanaokubali kwa sababu askari yuko mbele yao.

Garini Sajenti alisema, "Mimi sijaelewa. Kadi ni nzima, tumeijaribu. Kisomaji ni kizima ingawa kimepasuka. Mtu anagusa, tumeona ukuta. Na kompyuta haikusikia kitu. Uchawi?"

"Kadi iliyofungwa hukataliwa, na kukataliwa kunaandikwa. Hii haikusikika kabisa. Kwa hiyo haikufungwa na mtu." Inspekta alizungumza polepole. "Siku ile kulikuwa na kitu kati ya kadi na mlango. Leo hakipo. Alichokuwa anakivuta Fundi pale kwenye maiti ni nini?"

"Tulisema anatafuta kadi."

"Kadi tuliikuta ndani ya mfuko, mshono haujaguswa."

Walipofika kituoni hawakukaa. Wakalitandika koti la Mrefu mezani, wakaligeuza ndani nje. Kuzunguka kifua na mgongo kulikuwa na vishimo vya sindano vilivyopangana, vingine bado na ncha za uzi wa kijivu zilizokatika. Mshono ulikuwa wa mtu hodari, mdogo mdogo na ulionyooka, na mtu mwingine alikuwa ameukwanyua kwa haraka.

"Hii si kazi ya kiwanda," alisema Sajenti.

"Si ya kiwanda. Mkewe anafanya kazi gani?"

Sajenti alikuna kichwa. "Cherehani."

*

Mke wa Mrefu aliwafungulia mlango akiwa na futi ya kushonea shingoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, macho yamevimba, lakini nyumba ilikuwa imefagiwa na cherehani ilikuwa wazi.

"Karibuni. Msinione nashona msibani. Mikono ikikaa bure kichwa kinakwenda kule chumbani."

"Pole sana, dada," Inspekta alisema.

"Nimeshapoa. Kama mmekuja kunipa salamu za yule mtoto wa mama yangu, rudini nazo. Nilimlea mgongoni. Mama alipokufa mimi ndiye niliyemwogesha, mimi ndiye niliyemtafutia shule. Sitaki kusikia anakula nini huko ndani."

"Hatukuja kwa ajili yake. Nataka nikuulize habari za koti."

Uso wa mwanamke ukalegea kwa mara ya kwanza. "Koti lake? Mtanirudishia?"

"Baadaye. Ndani yake kulikuwa na kitu kimeshonwa."

"Bitana yangu." Alisema kama mtu anayetaja mtoto. "Jumapili ile alilileta nyumbani kufua. Alikuwa analalamika mgongo, baridi inamwingia mpaka kwenye mbavu. Mimi nashona hii mifuko ya watu wanaopeleka chakula majumbani, mnaiona hii, ndani ina kitambaa cha fedha kinachotunza joto. Kulikuwa na kipande kimebaki. Nikasema, kama kinatunza joto la chakula, kitashindwa na la mume wangu? Nikakizungusha koti zima, kifuani, mgongoni. Alilivaa hapa sebuleni akatoka jasho, akasema mke wangu, utaniivisha."

Alitabasamu, na machozi yakashuka juu ya tabasamu lile.

"Alilivaa kazini kwa mara ya kwanza lini?"

"Kesho yake. Siku ileile." Alijifuta kwa kiganja. "Nashukuru kwa hilo tu, Afande. Kwamba angalau alikuwa nalo. Nikiamka usiku najiambia, labda halikumwacha apate baridi yote."

Inspekta alikitazama kitambaa kilichokunjwa juu ya cherehani. Kiling'aa upande mmoja kama kioo. Aliomba kipande kidogo, akapewa bila kuulizwa sababu. Mlangoni mwanamke ndipo alipouliza.

"Kuna nini na bitana yangu?"

"Nitakurudia leo hii," Inspekta alisema.

Kwenye geti la kituo, ambalo nalo lilikuwa la kadi, aliivua kadi yake mwenyewe shingoni akaigusisha. Tii. Kisha akaweka kile kitambaa nyuma ya kadi, si mbele, nyuma tu, kama bitana inavyokaa nyuma ya mfuko. Akaigusisha. Hapakutokea kitu. Haikuwaka nyekundu wala kijani. Alijaribu tena na tena, huku Sajenti akiwa amesimama kando yake, amevua kofia.

"Leo methali sina, Afande," Sajenti alisema.

*

Fundi alipokiona kitambaa mezani alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Nani kakwambia?"

"Dada yako. Hajui alichoniambia."

"Bado hajui?"

"Bado."

"Basi asijue. Afande, nakuomba kwa haki ya mama aliyekuzaa, asijue. Kesho nipelekeni. Nitakubali kila kitu mtakachosoma."

"Nieleze kwanza."

Alieleza akiangalia ukuta. "Dada alinipigia alfajiri, akasema shemeji yako hajarudi, nenda kamwangalie. Nikaenda. Nilipomnyanyua nikaisikia ile bitana inakwaruza ndani ya koti. Sikuhitaji kufikiri. Kile kitambaa ni bati jembamba, na bati mgongoni mwa kadi ndilo somo la kwanza tulilofundishwa. Wimbi linafika, bati linalimeza, waya haupati kitu, chipu inabaki imelala. Nikajua kilichomuua ni nini. Na nikajua aliyekishona yuko nyumbani amemfunikia chakula." Akavuta pumzi. "Nikaikwanyua yote. Nikaificha chini ya shati, nikaichoma kwenye tanuru la taka kabla hamjafika."

"Tukakuita muuaji, ukanyamaza."

"Mkiniita mimi muuaji, hilo ni jina tu. Yeye akijua, kwake halitakuwa jina."

Sajenti alitoka nje, akaufunga mlango taratibu.

"Halafu mimi si safi kihivyo," Fundi aliendelea. "King'ora niliweka mimi. Mrefu alikuwa anaegesha kreti kwa sababu ya ule mkono. Nilimwambia Meneja, nikamwambia tena, nikachoka, nikaacha. Nina changu cha kulipa."

"Sikiliza, mdogo wangu." Inspekta hakuwa amemwita mahabusu hivyo hata siku moja. "Ukikubali kesho, kesi inaishia kwako. Hakuna atakayeuliza habari ya mkono ule mwekundu. Watu wataendelea kuingia mle. Na dada yako unadhani umemwokoa? Umempa mume aliyekufa na ndugu aliyemuua. Umempa misiba miwili wakati alikuwa na mmoja."

Fundi alilia bila kujificha, mabega yakimtikisika kama ya mtoto. Alipomaliza alisafisha miwani yake kwa upindo wa shati, akaivaa.

"Basi asiambiwe na askari," alisema. "Nitamwambia mimi."

*

Jioni, kabla taa za barabarani hazijawashwa, Sajenti alimleta mke wa Mrefu. Alipomwona mdogo wake alisimama palepale mlangoni, hakukaa wala hakumsalimu.

"Dada, kaa."

"Sema nikiwa nimesimama."

Akamwambia. Hakuzunguka sana. Alimweleza kadi inavyoamshwa na wimbi, na bati linavyolimeza, akakionyesha kitambaa, kisha akasema, "Ile bitana, dada. Kadi haikusikika kwa sababu ya ile bitana. Hukujua. Hata mimi sikuwahi kukwambia, na mimi ndiye niliyepaswa kujua."

Mwanamke hakupiga kelele. Alikichukua kipande cha kitambaa, akakipitisha kati ya vidole, upande unaong'aa na upande mwingine, kama anayepima ubora dukani.

"Nilimpima mara mbili," alisema, "ili lisimbane."

"Mkono wa dharura ulikuwa umevunjika," Inspekta alisema. "Ungekuwa mzima angetoka. Hilo ndilo nitakaloliandika, na kuna mtu atalijibu."

Hakuonekana kama amesikia. Alimgeukia mdogo wake. "Ukataka nikuchukie wewe."

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nife, dada."

Mkono wake ukaanza kwenda kwenye shavu la mdogo wake. Haukufika. Ulisimama hewani.

"Haisikiki kabisa?" aliuliza. "Hata koti likiwa la mtu mwingine?"

Inspekta alisimama. "Mtu gani?"

"Wenzake wawili. Walikuja msibani. Wakasema shemeji, baridi ile tunaijua sisi, tushonee na sisi kama la Mrefu. Sikuwa na cha kuwapa zaidi ya hicho. Nimewapelekea leo mchana. Wanaingia zamu ya jioni."

Inspekta alikuwa ameshashika simu. Ya Meneja iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Fundi akamnyang'anya simu bila kuomba ruhusa, na hakuna aliyemzuia. "Kuna simu ya ukutani nje ya chumba," alisema, vidole vikibonyeza. "Pokeeni. Pokeeni, jamani."

Ikapokelewa. Dada mtu akaichukua, na Inspekta akabonyeza spika ili wote wasikie.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Mimi mke wa Mrefu."

"Oo, shemeji! Koti limenikaa kama nimezaliwa nalo. Mungu akubariki."

"Uko ndani au nje?"

"Nje. Nasubiri toroli."

"Mwenzako?"

"Yuko ndani. Waliotoka walimwachia mlango."

"Mtu wa kukaa mlangoni?"

"Nani, mfagiaji? Saa zake zimekwisha, ameondoka na kiti chake."

Fundi aliinama hadi paji likagusa meza. Mwanamke alivuta pumzi, na alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu na iliyonyooka.

"Nisikilize. Kadi yake haitasomeka, wala yako. Bitana niliyowashonea inaizuia. Ndiyo iliyomzuia mume wangu. Mimi ndiye niliyeishona." Alifumba macho, akaendelea. "Vua koti. Ichane bitana yote, usibakize kipande, halafu gusa. Mfungulie mwenzako."

"Shemeji, unasema..."

"Chana!"

Kikasikika kishindo cha simu kuachwa ikining'inia, halafu kitambaa kikichanika, kipande kwa kipande. Kwa mbali mlango mzito ulifunguka kwa mlio wa mpira ulioganda, na sauti ya mwanamume mwingine ikatoka kwenye baridi ikiwa imekasirika. Kuna nini? Nani kachana koti? Mbona mnamtoa mtu kazini na kreti bado hazijapangwa? Yaani mtu huwezi kufanya kazi humu kwa amani?

Mke wa Mrefu aliketi sakafuni, mgongo ukiegemea mguu wa meza, akaanza kulia kwa sauti. Mdogo wake akashuka akakaa kando yake. Dada hakuiachia simu mkononi, maana yule mtu alikuwa bado analalamika.